Nimeandika mara tatu, na mara tatu nimefuta

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 34, mama wa mtoto mmoja. Kazi yangu ni uhasibu. Kuandika nafanya kwa kuiba muda: usiku, mtoto akishalala na binti wa kazi akishamaliza jikoni, maana mchana nafasi sina. Makala zangu fupi mbili tatu zimewahi kuchapishwa. Miezi miwili hivi iliyopita mhariri wa jarida moja alinipigia simu, akaniomba makala binafsi ya maneno 1,800 kuhusu pengo la matabaka. Akasisitiza: "Sitaki ripoti. Nataka wewe mwenyewe uwemo." Nilikubali hata kabla hajamaliza kusema. Sasa zimebaki wiki mbili na mkononi sina kitu.

Si kwamba sina la kusema. Mama yangu alikuwa mfanyakazi wa ndani wa familia moja kwa miaka 19. Mimi na yeye tuliishi chumba cha uani, nyuma ya nyumba yao. Baba sikumjua. Tajiri yake mama, ambaye mimi nilimwita Mzee, alikuwa na binti wa umri wangu. Tulicheza pamoja tangu tukiwa wadogo. Shule tulisoma mbalimbali, lakini mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa mmoja, na matokeo yalipotoka yangu yalikuwa mazuri kuliko yake. Mama akaniambia nisiseme lolote mpaka niulizwe, na nikiulizwa niseme nimefaulu tu. Basi, nikasema nimefaulu tu. Mzee alifurahi sana, akatangaza kwamba atanilipia ada ya sekondari, na kweli alilipa, mpaka nikamaliza chuo. Bila yeye leo nisingekuwa mhasibu.

Rasimu ya kwanza niliianza na chumba chetu: paa linalovuja, ndoo tatu za kukinga maji, sare yangu yenye viraka, mama akirudi usiku miguu imevimba. Kurasa mbili nzima. Nilimtumia mhariri mwanzo wake, akanijibu kwa upole kwamba ni pazuri, lakini "paa hili nimeshaliona mahali pengi." Niliumia, kwa sababu lilikuwa paa letu kweli, sikulibuni.

Rasimu ya pili nikasema haya, ngoja nijitoe mimi niweke takwimu. Nikasoma kuhusu kipimo cha Gini, kile cha pengo la kipato, nikasoma kuhusu mgawanyo wa mali duniani, nikajaza asilimia kila aya. Nilipoisoma asubuhi ilifanana na kazi zangu za ofisini.

Ya tatu niliiandika kwa hasira. Nilimweka Mzee kitimoto, nikaeleza mama alivyoamka saa kumi alfajiri kwa miaka yote ile, na alivyoondoka bila hata kiinua mgongo. Ilitoka kwa usiku mmoja. Kisha nikakumbuka nani aliyenisomesha, nikaona aibu, nikafuta. Nisije nikaambiwa shukrani ya punda ni mateke.

Nina maswali manne. Kwanza, je, bado nina haki ya kuandika habari hizi? Naishi vizuri sasa, nina gari, mwanangu anasoma shule nzuri. Ofisini wananidhania mtoto wa kishua na sijawahi kuwasahihisha. Pili, mama hataki. Anasema ya nyumbani kwa watu hayasemwi. Tatu, binti wa Mzee bado ni rafiki yangu, na atajijua hata nikibadilisha jina. Nne, takwimu niziweke wapi, au niziache kabisa?

Nisaidie, Mwalimu. Naogopa nitakapomwambia mhariri nimeshindwa, atadhani sikuwa na kitu tangu mwanzo.

Wako,
Binti wa Chumba cha Uani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mtu aliyeombwa ushauri, mara ya pili kama mhariri mwenye kalamu mkononi, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifaa. Makala unayoihangaikia muda wote huu imo humu humu. Umeipita mbio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Tuanze na mtihani. Paa umelipa kurasa mbili. Mtihani, katika barua yako, umeupa sentensi tatu, kisha ukakimbilia ada. Katika rasimu zako zote tatu, kama nimekuelewa, haumo kabisa. Kwa nini?

Mhariri wako hakusema paa lile ni la uongo. Alichosema ni kwamba paa linamvujia maskini yeyote, hata yule anayeishi na maskini wenzake tupu asiyemjua tajiri kwa sura. Ule ni umaskini, yaani kukosa, na fundi mmoja na mfuko wa fedha wangeweza kulimaliza lile paa kwa siku moja. Tabaka ni habari nyingine. Ni uhusiano: linataka watu wawili, tena lazima wawe wanaonana. Mama yako alipokuambia usiseme, hapakuwa na fedha yoyote katika maneno yale. Alikuwa anajua sheria ya nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuitamka, kwamba mtoto wa mfanyakazi anaruhusiwa kuwa na akili kiasi fulani, na ikizidi hapo inageuka kuwa utovu wa adabu. Labda alikosea. Labda Mzee angeruka kwa furaha zaidi. Lakini hakuwa na nafasi ya kujaribu aone, kwa sababu jaribio likienda vibaya, kazi na chumba vingeondoka siku moja. Mwenye nacho anaweza kukosea kumsoma jirani yake mara kumi na maisha yakaendelea. Mama yako hakuruhusiwa kukosea hata mara moja. Sijui kama kuna asilimia inayoweza kusema hivyo.

Sasa nikuambie kilichonifanya niweke kalamu chini. Umesema matokeo yako yalikuwa mazuri kuliko ya binti wa Mzee. Mazuri kiasi gani? Hukusema. Umeniandikia mimi, mtu usiyenijua, kwa jina la kujificha, miaka zaidi ya ishirini baada ya mtihani wenyewe, ukiwa na gari lako na cheti cha uhasibu ukutani, na bado umenijibu kwamba umefaulu tu.

Hiyo ndiyo makala yako. Sheria ile ya nyumba mlihama nayo.

Namna ya kuiandika: polepole, bila kueleza. Mlikuwa wapi mama alipokuambia? Alikuwa anafanya nini kwa mikono yake? Alinong'ona au alisema kawaida, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango? (Nashuku ni kawaida. Mambo mazito katika nyumba za namna hiyo husemwa kawaida.) Nani aliuliza matokeo, Mzee au mkewe, na mkewe mbona hayumo kabisa katika barua yako? Ulisimama wapi, ndani au kizingitini? Binti yao alikuwepo? Alijua? Usiandike "nilihisi kudhalilika." Mtoto wa umri ule hana neno hilo, na msomaji hahitaji umpe, atahisi mwenyewe ukimwonyesha mtoto anayepunguza alama zake mbele ya watu wazima wanaotabasamu. Kama hukuhisi chochote siku ile, andika hivyo. Pengine ulihisi fahari, kwamba wewe na mama mna siri. Ikiwa ndivyo, ni bora zaidi kuliko udhalili, na ni ngeni zaidi.

Halafu paa lako usilitupe. Lipe sentensi moja. Ndoo tatu zinatosha kabisa. Viraka na miguu iliyovimba ondoa, si kwa sababu si kweli bali kwa sababu kila mwandishi wa habari hizi anavyo, na msomaji akiviona anajua aanze kuhurumia wapi. Akishaanza kuhurumia ameshasimama upande wa Mzee, na hutaweza kumtoa huko.

Nakuja kwenye haki yako ya kuandika, na hapa utanisamehe, nitasema kidogo kwa ukali.

Unauliza kama bado una haki, kwa kuwa sasa unaishi vizuri. Swali hili waandishi wengi wameliuliza. Barbara Ehrenreich, mwandishi wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990 alifanya kazi za kuhudumu mezani na kusafisha nyumba za watu ili aandike maisha ya wanaolipwa kidogo. Kabla ya yote aliwaambia wasomaji mipaka yake: kwamba siku zote angekuwa na gari, na kwamba hangekubali kufika hatua ya kukosa pa kulala. Wapo waliomlaumu hata hivyo, lakini mipaka hiyo hakuwa ameificha. Wewe una kesi iliyo kinyume, kwa kuwa ulizaliwa uani ukahamia sebuleni. Mwanasosholojia wa Ufaransa Pierre Bourdieu, aliyefariki mwaka 2002, mwenyewe mtoto wa mfanyakazi wa posta wa kijijini aliyepanda hadi kwenye vyuo vya wakubwa, alisema mtu wa namna hii hubaki amepasuka ndani: mazoea ya kule alikotoka na ya huku aliko hayakai pamoja kwa amani. Hujapoteza haki. Unapaswa tu kusema umesimama wapi.

Na umesimama wapi? Rudi kwenye aya yako ya kwanza. Unaandika usiku "mtoto akishalala na binti wa kazi akishamaliza jikoni."

Hapo tu ndipo anapotajwa, katika barua nzima. Mtoto wa mfanyakazi wa ndani, anayeandika makala kuhusu matabaka, ana mfanyakazi wa ndani, na amempa nafasi kama ile ya saa ya ukutani: kuonyesha kwamba usiku umeingia. Sikuhukumu. Unafanya kazi, una mtoto mdogo, na kumpa mtu ajira si dhambi. Lakini msomaji mkali ataliona nililoliona mimi. Na kama usipolisema wewe atalisema yeye, na hapo makala yako nzima itakuwa imekufa mikononi mwake.

Kwa hiyo aingie. Tahadhari ni jinsi ya kumwingiza. Usifanye toba. Aya ya "nami pia nina hatia" ni njia ya mwandishi kujiosha mbele ya watu, na maji machafu anamwachia yule yule binti ayamwage. Weka mambo yanayoweza kuhesabiwa, wewe ni mhasibu. Analipwa tarehe ngapi, na imewahi kuchelewa? Ana siku nzima ya mapumziko kwa wiki? Siku hiyo yuko huru kutoka, au anakaa nyumbani "akipumzika" huku akimshika mtoto? Kuna makubaliano yoyote ya maandishi? Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwezi Juni mwaka 2011 mahsusi kwa wafanyakazi wa nyumbani, unataka mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24 mfululizo, na unasema anayeishi kwa mwajiri halazimiki kubaki humo nyumbani katika muda wake wa mapumziko. Jipime kwa hayo, uandike ulichokipata. Ukikuta unafanya vizuri kuliko Mzee, sema. Ukikuta hufanyi, sema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile. Msomaji atajua la kufanya nalo.

Jambo moja zaidi kuhusu binti huyu, na hili siliachi. Maisha yake si yako kuyasimulia. Utaniambia utamwomba ruhusa. Atakupa, bila shaka. Wewe ndiye unayemlipa, unadhani atakataa? Atafanya alichofanya mama yako, atasema nimefaulu tu. Basi andika matendo yako kwake, si siri zake. Asiwe na jina, kijiji wala sura. Kama kuna siku alikwepa kukuambia jambo fulani ili usiudhike, na wewe ukagundua, hiyo ni yako kuandika kwa sababu ni wewe uliyekuwa wa kuogopwa.

Mzee.

Rasimu ya hasira uliifuta mapema mno. Iandike tena uiweke kabatini, kwa sababu ndani yake kuna neno moja ninalolitaka: kiinua mgongo. Mama yako alifanya kazi miaka 19 akaondoka mikono mitupu, na katika miaka hiyo hiyo Mzee alilipa ada yako mpaka chuo. Mambo haya mawili umeyaweka katika rasimu tofauti, moja kwenye hasira, jingine kwenye aibu. Yaweke ukurasa mmoja, tena katika sentensi zinazofuatana. Usiyaunganishe kwa "lakini" wala kwa "hata hivyo." Yaache yatazamane.

Maana kuna swali hapo ambalo huna budi kulifanyia kazi kama mwandishi wa habari. Ada ile ilikuwa zawadi, au ilikuwa mshahara uliocheleweshwa na kubadilishwa jina? Je, mshahara wa mama uliwahi kupanda tangu ada ilipoanza kulipwa? Aliwahi kutaka kuondoka akashindwa kwa sababu wewe ulikuwa bado shuleni? Sijui majibu, wala siyabashiri. Inawezekana Mzee alikuwa mtu mwema tu, aliyetoa zaidi ya alichodaiwa. Ikiwa ndivyo, wema wake uandike wote bila kuubana: aliuliza matokeo, alifurahi, alitimiza ahadi kwa miaka yote ile, na wengi huahidi wakaishia hapo. Mtu mwema ndani ya mpango mbovu anasumbua msomaji kuliko katili. Katili tunamchukia, tukamaliza, tukalala. Huyu hatulali naye vizuri, kwa sababu tunafanana naye.

Na punda wako na mateke yake mweke pembeni. Kusema kilichotokea si kumpiga mtu teke. Ungekuwa unamtukana, ningekuzuia.

Ila kuna mtego mmoja upande wa pili. Mhariri atataka umalizie na mafanikio. Ataweza hata kukutungia kichwa cha habari: kutoka chumba cha uani hadi ofisi ya ghorofani. Kataa. Hadithi ya namna hiyo inamwambia msomaji kwamba ngazi ipo, na aliyebaki chini ni mvivu au hakusoma kwa bidii. Wewe unajua ilivyokuwa. Ulipanda kwa sababu mtu mmoja, siku moja, alifurahi. Angeamka vibaya siku ile ungekuwa wapi? Watoto wa wafanyakazi wa nyumba za jirani, uliocheza nao, wako wapi? Kama unamkumbuka hata mmoja mwenye akili kama zako ambaye tajiri wa mama yake hakuuliza matokeo, mpe aya.

Takwimu nitakujibu haraka, maana rasimu ya pili umeshaihukumu mwenyewe. Kipimo cha Gini, alichokieleza mwanatakwimu wa Italia Corrado Gini mwaka 1912, kinakupa namba kati ya sifuri na moja kuonyesha kipato kimegawanyika vipi katika nchi nzima. Ni chombo kizuri kwa kazi yake. Lakini nchi mbili zinaweza kuwa na namba ile ile huku watu wake wakiwa wamekosa usawa kwa namna mbili tofauti kabisa, na hakuna nchi katika chumba chenu cha uani. Kiache. Wewe unahitaji namba moja, itakayojibu swali ambalo msomaji ataliuliza katikati ya makala: je, huyu ni mama yako tu? Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kuwa duniani kuna wafanyakazi wa nyumbani milioni 75.6 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, robo tatu yao wanawake, na kama wanane katika kila kumi wanafanya kazi isiyo rasmi. Weka hiyo, mara moja, baada ya tukio la matokeo na kabla ya aya ya ada. Katika chumba cha habari tuliiita aya ya kiini, mahali msomaji anapoambiwa kwa nini anasoma. Isizidi sentensi tatu. Kisha rudi uani.

Sasa mama, ambaye nimemweka mwishoni kwa sababu ndiye mgumu.

Anasema ya nyumbani kwa watu hayasemwi. Wengine watakuambia umpuuze, mwandishi hana mama. Mimi siamini hivyo. Yapo mambo katika habari hii ambayo ni yake: mwili wake, mshahara wake, hofu yake, alichokuambia mkiwa wawili tu. Kwa hayo nadhani ana haki ya kukataa, na akikataa utaandika kilichobaki, ambacho ni chako, yaani kile ulichomjibu Mzee. Mzee na binti yake hawana haki hiyo. Wana haki ya ukweli tu. Msomee rafiki yako sehemu inayomhusu kabla haijachapishwa, kwa simu au uso kwa uso, umwulize kama kuna ulipokosea. Hilo si sawa na kumwomba ruhusa, na mwambie tangu mwanzo ili asidhani ni ruhusa. Jiandae pia: huenda alijua alama zako tangu siku ile. Watoto husikia. Majina yabadilishe, umwambie msomaji kwamba umeyabadilisha. Mengine yoyote usiyabadilishe. Ukiona jambo linamfichua mtu mno, liondoe. Usilibadilishe rangi.

Lakini mama hujamwuliza bado. Umemwambia unaandika, naye akasema hapana, basi. Hujamwuliza kama mtu anayetaka kujua. Nenda wiki hii, si kwa simu. Usiende na rasimu, atadhani umekuja kutaka saini. Nenda na daftari, ukae, umwulize jambo moja: siku ile ya matokeo, kwa nini uliniambia nisiseme? Kisha nyamaza. Nimekaa na watu wengi wa kuhojiwa na nakuhakikishia, jibu la kwanza litakuwa "ah, mambo ya zamani hayo." Usijaze ukimya. La pili ndilo.

Huenda litaangusha kila nilichokuandikia hapa. Mimi nimemsoma mama yako kwa mbali, kwa sentensi zako chache, kama Mzee alivyokusoma wewe. Pengine hakuwa akimwogopa Mzee hata kidogo. Pengine alikuwa anamwonea huruma yule binti mwingine, aliyemlea tangu yuko mgongoni. Ikiwa ndivyo, makala yako inageuka yote, na itageuka vizuri. Andika alichosema, tupa nilichokisia.

Ukimaliza, rasimu itakuwa na maneno 3,000. Ni kawaida. Kata kuanzia juu, nane katika kumi ya waandishi wa mara ya kwanza huanza aya mbili kabla ya mwanzo (hiyo si takwimu, ni uchungu wangu wa miaka mingi). Mtumie mhariri siku tatu kabla ya tarehe yake, usimwombe radhi kwa lolote katika barua ya kusindikiza.

Na mimi niandikie. Huhitaji salamu ndefu, wala kunishukuru. Sentensi ya kwanza tu iwe hii: ulipata ngapi?

Mwalimu